Opareshini ya mishipa ya moyo: moyo kusimamishwa siyo hukumu ya kifo

Huku kwetu Mbeya mtu akipewa tu rufaa ya kwenda Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapandikizwe mishipa ya moyo, yaani achukuliwe mshipa sehemu nyingine ya mwili ushonwe moyoni ili damu ipite pembeni ya palipoziba, familia nzima inageuka madaktari, kila mtu ana lake na mengi ni ya kusikia tu.

Linalotisha watu zaidi ni hili, eti moyo ukisimamishwa haurudi kama zamani kwahiyo tafuta daktari anayeshona huku moyo unadunda. Jamani, hizi njia mbili zimeshalinganishwa kwa maelfu ya wagonjwa. Kwenye moja moyo unasimama na mashine inazungusha damu badala yake, kwenye nyingine moyo unaendelea kudunda na daktari anatuliza kile kipande anachokishona tu. Utafiti wa CORONARY ulichukua wagonjwa 4,752 wa nchi 19, na baada ya kama miaka 5 vifo, kiharusi, shambulio la moyo na figo kufeli havikupishana kwa maana. Ni kweli wa moyo unaodunda waliongezewa damu kidogo kuliko wenzao. Ila kwenye utafiti wa ROOBY wa maveterani wa Marekani, miaka 5 baadaye walikuwa wamefariki 15.2 kwa mia wa moyo unaodunda na 11.9 kwa mia wa mashine! Kushona kimshipa chembamba juu ya kitu kinachochezacheza kunataka mkono uliozoea, kwahiyo muulize daktari yeye njia gani anaifanya mara kwa mara, na kwanini anaona inakufaa wewe.

Wengine wanaogopa wakitolewa mshipa mguuni watalemaa. Hapana, ule ni wa juu juu, ya ndani inabaki kurudisha damu, mguu utavimba kwa muda na ukikaa unauinua. Cha kuulizia zaidi ni mshipa wa ndani ya kifua, maana ukiunganishwa na ule mkubwa wa mbele ya moyo, baada ya miaka 10 zaidi ya tisa kati ya kumi bado inapitisha damu, wakati ya mguuni mingi inakuwa imeshaziba au kuharibika.

Opareshini ya kupitia tundu dogo ubavuni nayo inasifiwa sana, na kweli mtu anainuka mapema kwasababu mfupa wa kifua haukukatwa, lakini mara nyingi ni kwa aliyeziba huo wa mbele tu. Mitatu ikiziba, kwa kawaida kifua kinafunguliwa.

Na hapa ndo watu wetu wanaumia, kidonda kikikauka nje wanadhani wamepona. Mfupa umefungwa kwa waya na unahitaji wiki 6 mpaka 12 kuunga, kwahiyo hakuna debe la viazi, hakuna jembe, hakuna kuendesha bodaboda, hata kama mvua za kupandia zimeanza. Baba mdogo kule Uyole, baridi ya Juni ikimkohoza, alikuwa anakumbatia mto kifuani kwa nguvu ndo anakohoa, hivyohivyo alivyofundishwa wodini, na mama mdogo akawa anaulaza ule mto pembeni yake kila usiku.

Suala la kuacha dawa kwasababu una mishipa mipya, usithubutu. Aspirini, ya kolesteroli na ya presha zinaendelea kama ulivyoandikiwa, sigara basi kabisa, na dawa zikikaribia kuisha wahi hospitali ya rufaa ya kanda hapahapa Mbeya ukaulize, usingoje tarehe ya kliniki ya Dar.