Wati Nyingi Si Sauti Kubwa

Mnunuzi wa spika ya nyumbani isiyotumia waya mjini Lamu mara nyingi huuliza kwanza ni ya wati ngapi, akiamini kwamba ya wati 200 hutoa sauti maradufu ya ile ya wati 100. Imani hiyo, ambayo ni kongwe kuliko spika hizi, si sahihi. Nguvu ya umeme ikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ndogo sikioni; ili isikike kubwa maradufu huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Isitoshe, wati zinazoandikwa kwenye kasha huenda zikawa za kilele cha muda mfupi mno.

Thamani ya spika ghali, kama HomePod ya Apple iliyoingia sokoni mwaka 2018, imo zaidi katika maikrofoni zinazopima jinsi chumba kinavyorudisha sauti, kisha besi ikarekebishwa. Hata hivyo, chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu, kirefu na chembamba kwa kuwa upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, huvuma kwa mwangwi ambao kifaa hakiwezi kuufuta chote. Zulia na mapazia mazito huupunguza, na kwa maoni yangu ndiyo matumizi bora ya fedha. Kuta nene za matumbawe za nyumba hizo, tena, hudhoofisha mawimbi ya Wi-Fi, hivyo spika iliyowekwa mbali na ruta hukatakata, iwe ya wati 20 au 200.