Nyang'hwale hutamkwa kwa pua

Wiki hii nimewasikia watangazaji watatu wakilisoma jina la Nyang'hwale, na kila mmoja alikuja na lake: Nyangwale, Nyanghawale, na wa tatu akalipita mbio kama mtu anayeruka dimbwi. Siwacheki. Mimi mwenyewe, mzaliwa wa Tanga ninayekula kwa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, niliwahi kuliharibu jina hilo mbele ya wenyewe.

Yakizungumzwa majina ya mahali yanayotamkwa vibaya, kidole cha kwanza huelekezwa kwa wageni wa ng'ambo. Ni kweli, watalii wakiwa kwenye basi la Moshi hukisoma kibao cha Same kana kwamba ni neno la Kiingereza, wakacheka peke yao. Kenya wanaikata Ken-ya, wakati ile ny ni ya nyama, sauti moja. Tanzania tunaiwekea mkazo kwenye -ni-, silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo ada yetu. Wao huuweka wanapopenda. Hayo ni madogo. Wanaonishughulisha ni sisi tunaosema Kiswahili, tuliozoea kwamba lugha yetu husomwa kama ilivyoandikwa, tukadhani kila jina lililoandikwa kwa herufi zetu tunalijua.

Nyang'hwale ni wilaya ya mkoa wa Geita, na jina lake ni la Kisukuma. Wasukuma wana nazali, zile sauti za puani, za aina mbili. Kuna hizi tunazozijua, m, n, ny na ng', halafu kuna nyingine zinazotoka na pumzi, ambazo huandikwa kwa kuongeza h: mh, nh, ng'h. Weka kiganja chini ya pua useme ng'ombe. Utasikia upepo kidogo sana. Sasa ubane ulimi kwa nyuma kama unayeanza tena ng'ombe, lakini kabla sauti haijaja, sukuma pumzi puani kama mtu anayepenga kamasi kistaarabu, kisha ndipo umalizie -wale. Kiganja kitapata joto.

Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa huko baada ya kunivumilia mara tatu. "Mwanangu, hiyo h unaimeza. Ipitishe puani." Akanirudisha darasa la kwanza: nikaambiwa niseme mhola, jibu la salamu ambalo kila aliyekaa Usukumani analijua, mpaka aridhike. Mh ni rahisi zaidi kwa sababu midomo imefungwa na pumzi haina pengine pa kwenda. Nilipoipata, tukahamia Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, ambako watu wengi huidondosha h wakaandika Mwanuzi. Hapo nikasahihishwa na mwanzo pia. Penye mw- yetu, mara nyingi Kisukuma kina ng'w-: mwana ni ng'wana. Kwa hiyo ni Ng'wanhuzi, na Mwanza yenyewe, nyumbani kwake, ni Ng'wanza.

Sidai kila Mtanzania atoe pumzi puani. Ninachodai ni ng', kwa sababu hiyo tunayo. Anayesema ng'ombe na ng'oa hana kisingizio cha kuuita mlima Hanang' kana kwamba umeishia na g. Lakini ritifaa, kile kijialama cha juu kwenye ng', ni kialama kidogo chenye maadui wengi: mchora vibao huiona uchafu, fomu za kompyuta huikataa, mhariri mwenye haraka huifuta. Ikishafutwa, anayekuja nyuma hana namna ya kujua.

Nilionja hilo Nairobi, nilipomwambia makanga naenda Muranga, kwa ng ya nanga. Akanitazama. "Ni Murang'a, mzee. Ng' ya ng'ombe." Mtanzania nasahihishwa Kenya, tena kwa mfano wa Kiswahili!

Gari lilipofika Thika nikaona afadhali nisikilize tu. Wenyeji walikuwa wakisema kitu kama Dhika, kwa dh ya dhahabu, maana th ya Kikikuyu ndivyo inavyosikika. Irabu nazo ni saba, si tano kama zetu, ila serikalini huandikwa bila vile vimawimbi vya juu. Kĩrĩnyaga, ukimsikiliza mwenyewe, inakaribia kuwa Kerenyaga.

Kuna majina yaliyokwisha kutoka mikononi mwa wenyeji kabisa. Bonde la Olduvai limetokana na oldupai, jina la Kimaasai la mkonge pori unaoota pale. Mjerumani Kattwinkel alifika mwaka 1911, ikaandikwa Oldoway, na vitabu vya sayansi vikaendelea na Olduvai. Siku hizi hapo bondeni utakuta imeandikwa Oldupai, na mimi naiunga mkono. Lamu je? Waulize Waamu wenyewe kwao ni wapi, watakwambia Amu.

Turudi kwa watangazaji. Mmoja wa wale watatu alinitafuta, tukakaa naye jioni nzima kwa mhola na kiganja chini ya pua, na mwishowe akaipata ng'hw safi kabisa, ya kumpelekea yule mzee. Akairekodi kwenye kipindi chake. Fundi mitambo alipofika hapo akasikia upepo kwenye maikrofoni, akadhani kijana ana mafua, akaukata. Hewani ikatoka Nyang'wale.