Moyo unakwenda mbio, vipimo vinatoka safi: maswali kuhusu wasiwasi usioisha

Nimepima malaria, taifodi na moyo, vyote safi. Mbona kifua kinabana?

Ubongo ukihisi hatari, hata isiyokuwepo, mwili humwaga adrenalini: moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Ukihema haraka mno, kaboni dioksaidi hupungua kwenye damu, na ndiyo maana vidole na midomo huingia ganzi. Hujisingizii. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe.

Kupima mara ya kwanza ni sahihi, kwani tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au upungufu wa damu huleta dalili kama hizo. Kupima kila wiki ni jambo jingine: majibu yanakutuliza siku mbili, shaka inarudi, nauli inatafutwa upya.

Nitajuaje kama si mawazo tu?

Kungoja malipo ya mnada wa korosho huku ada inadaiwa kunamnyima usingizi mtu yeyote, na fedha ikiingia analala. Wasiwasi ambao ni ugonjwa haulipiki namna hiyo. Unaruka kutoka jambo hadi jambo, siku nyingi kuliko zisizo nao, kwa miezi 6 au zaidi, na unakuzuia kulala au kufanya kazi.

Tangu nizidiwe ndani ya basi la Masasi sipandi gari tena. Nisubiri hofu iishe kwanza?

Usisubiri. Wengi hukwama hapa miaka. Kila unapoahirisha safari unapata nafuu papo hapo, na ubongo unaamini kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Safari ijayo inatisha zaidi.

Kama unaishi Mtwara mjini, anza na gari la Mikindani. Nenda, rudi, kesho tena, mpaka safari hiyo ianze kukuchosha badala ya kukutisha. Halafu Mnazi Mmoja ya Lindi, na baadaye ndipo Masasi. Hofu itapanda, tena huenda ikapanda kabla hujakaa kwenye kiti. Usishuke. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, uiache ipande na ishuke. Na shemeji wa kukushika mkono abaki nyumbani siku moja moja, la sivyo utaamini kwamba yeye ndiye aliyekuokoa.

Hii ni sehemu ya tiba ya fikra na tabia, tiba ya mazungumzo iliyothibitika kusaidia wasiwasi. Mtaalamu akikusimamia ni bora zaidi.

Na dawa?

Zipo. Fluoksetini na setralini huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi, kwa hiyo usizitupe wiki ya kwanza. Ukipata nafuu, usiache ghafla bila kumwambia daktari. Diazepamu hutuliza haraka, lakini ikitumiwa mfululizo mwili huizoea na kuiacha huwa kazi. Usijinunulie dukani.

Nipa, ile pombe kali ya kienyeji, inanilaza vizuri.

Inakulaza saa chache, kisha inakuamsha alfajiri moyo ukidunda. Ila kama unakunywa sana kila siku, usikate ghafla peke yako. Unaweza kupata degedege.

Mama anasema ni majini.

Usibishane naye. Kisomo na dua havigombani na matibabu, na kama vinakutuliza endelea navyo. Ondoka pale utakapoambiwa uache dawa, au utakapoona mtu anafungwa ama kupigwa.

Nianzie wapi?

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Ukiumwa kifua unapofanya kazi nzito, ukizimia, au ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza.

Ukiingia chumbani usiseme tu “kifua na kichwa”, maana utarudishwa maabara. Sema: “Nina hofu isiyoisha, silali, nimeacha kusafiri,” na utaje ilianza lini.