Vali ya trikaspidi inayovuja: kasi ya damu si kiasi cha damu

Ripoti ya eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikiandika kwamba vali ya trikaspidi "inavuja kidogo", wengi hushika neno "inavuja" na kuliacha "kidogo". Vali hii ni mlango kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kulia wa moyo. Chumba cha chini kikijikaza, mlango hujifunga ili damu iende mapafuni.

Dhana: Ikivuja hata kidogo, moyo ni mgonjwa.
Si kweli. Watu wengi wenye moyo mzima huonekana na uvujaji mdogo wakipimwa kwa Dopla, sehemu ya eko inayoonyesha mwendo wa damu. Kama vali ina umbo la kawaida na vyumba havijatanuka, hakuna cha kutibu. Mpimaji hata huufurahia, kwa sababu humpa njia ya kukadiria presha ya mapafu bila kuingiza mpira kwenye mshipa.

Dhana: Damu ikirudi kwa kasi kubwa, basi inavuja nyingi.
Kosa hili ndilo linalopotosha kuliko yote. Ziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole: maji yataruka mbali, lakini ndoo haitajaa upesi. Kasi hueleza tofauti ya presha kati ya vyumba viwili. Ikiwa ni mita 3 kwa sekunde, unazidisha 3 kwa 3, kisha kwa 4, unapata milimita 36 za zebaki. Ili kupata presha ya mapafu, juu yake hujumlishwa presha ya chumba cha juu, inayokadiriwa kwa kutazama vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya chini ya mwili. Ikiwa upana wake hauzidi milimita 21 na husinyaa zaidi ya nusu mtu akivuta pumzi ya ghafla puani, hujumlishwa 3. Ikiwa imevimba na haisinyai, 15.

Sasa geuza. Vali iliyoachama haina cha kuizuia damu, presha za vyumba viwili hukaribiana, na damu hurudi polepole, pengine chini ya mita 2 kwa sekunde. Anayesoma kasi peke yake anaweza kumwambia mgonjwa huyu kwamba presha ya mapafu yake ni nzuri, kumbe hesabu yenyewe haifai tena kwa vali ya namna hiyo.

Dhana: Rangi ikijaa kwenye skrini, hali ni mbaya.
Rangi za Dopla huchorwa kutokana na kasi ya damu, na hubadilika mpimaji akigusa vitufe vya mashine. Mkondo unaoambaa ukutani mwa chumba huonekana mwembamba kuliko ulivyo. Ndiyo maana hupimwa shingo ya mkondo, pale unapopenya vali: milimita 7 au zaidi huashiria uvujaji mkubwa. Huhesabiwa pia ukubwa wa tundu linalovujisha, kuanzia milimita 40 za mraba, na damu inayorudi kwa kila pigo, kuanzia mililita 45. Kisha hutazamwa vena za ini, mishipa inayotoa damu kwenye ini kuelekea moyoni. Damu ikisukumwa kurudi ini wakati moyo unajikaza, ni vigumu kubisha, na kwangu mimi dalili hiyo ina uzito kuliko rangi zote za skrini.

Dhana: Vali yenyewe ndiyo imeharibika.
Mara nyingi vipande vyake ni vizima. Pete inayovishika ndiyo iliyotanuka, kwa sababu ya ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo, presha ya mapafu, au mapigo yasiyo na mpangilio yaliyokaa miaka. Kwa hiyo eko inayotazama vali tu na kuacha moyo mwingine haijamaliza kazi.

Dhana: Eko ya kupitia kooni huona vizuri zaidi.
Kwa vali nyingine, sawa. Hii imekaa mbele, mbali na umio, na mara nyingi kifuani huonekana vyema.

Dhana: Kipimo kimoja kinatosha.
Uvujaji huu huongezeka mtu akivuta pumzi ndani, na hupungua baada ya dawa za kupunguza maji mwilini. Mgonjwa aliyepimwa akiwa amevimba miguu, kisha akapimwa tena baada ya kukojoa maji hayo, anaweza kupata majibu mawili tofauti, yote sahihi. Ripoti inayolinganisha vipimo hivyo bila kutaja dawa wala uzito wa siku ile inaweza kusema vali imepona, wakati kilichopungua ni maji tu.