Kati ya glasi ya kwanza na ya pili

Familia nyingi zinazomleta ndugu yao kwangu huja na swali lilelile: alikaa miezi hajagusa pombe, ikafika mwisho wa mwezi akanywa bia moja, tukaja kumpata Jumatatu. Kwani alikuwa anatudanganya? Hapana, aliacha kweli. Na kilichomwangusha hasa si ile bia, ni maneno aliyojiambia baada ya kuimaliza.

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alilieleza jambo hili pamoja na Judith Gordon katika kitabu chao cha 1985. Mtu ameapa hatagusa tena. Akigusa, haangalii yaliyomfikisha pale, kwamba mshahara umeingia, hajala tangu asubuhi, wenzake wamemvutia kiti. Anajihukumu: "Mimi ndivyo nilivyo." Aibu inamjaa, na dawa ya aibu aliyoizoea miaka yote ni pombe hiyohiyo. "Nimeshaharibu, acha nimalizie." Ya pili ndiyo inayozaa siku tatu.

Ndiyo maana mteja wangu haondoki kabla hajaandika atakachofanya iwapo atakunywa. Anaandika kwa mkono wake, anakunja karatasi, anaitia kwenye pochi: nainuka hata kama glasi haijaisha, siagi mtu, nampigia dada, nakula, nalala, kesho naenda kliniki. Wake zao hunijia juu. "Daktari, si unampa ruhusa huyu?" Nawaelewa, wameteseka vya kutosha. Lakini pombe ikishapanda kichwani hakuna wa kupanga lolote. Lililopangwa mapema ndilo litakalomsaidia.

Hamu nayo huja kwa kishindo, hasa akipita alipozoea kukaa, saa zilezile, kwa sababu ubongo umeshafunga pamoja mahali, harufu na kinywaji. Asiyeizoea hudhani itazidi kupanda mpaka aitii. Sivyo. Asipoitii hupungua yenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa, na nusu saa huisha mtu akioga na kula chakula cha kushiba.

Haya yote hayamhusu kwanza yule anayekunywa kila siku na ambaye asubuhi mikono hutetemeka mpaka azimue. Huyo asiache ghafla akiwa nyumbani. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Apelekwe hospitali, apewe dawa za kumtuliza na vitamini B1. Mimi nitazungumza naye baadaye.

Ndugu, simu ikiita saa tano usiku na sauti ikasema "nimekunywa," jueni yuko kati ya glasi ya kwanza na ya pili. Mkimwambia "si nilijua tu," mmemwongezea aibu ileile. Mwulizeni yuko wapi, mkamchukue. Ya kulaumiana yangoje kesho, akiwa ameshalala na kula.