Umempa namba tu, au na kidole?

Juzi tena: "Dada, kuna mtu ameiona namba yangu ya NIDA, si atasajilia laini?" Hatasajilia. Nimechoka kulijibu hili dirishani, kwa hiyo nalijibu hapa. Atakayeniuliza tena namtumia linki.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Umeshaiacha benki, kwa mwajiri, kwa mwenye nyumba. Siri gani hiyo? Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, namba peke yake haitoshi: inapelekwa NIDA pamoja na alama ya kidole, na visipooana usajili unakwama. Sisemi uibandike ukutani. Tapeli anayeijua atakupigia akutajie mpaka mwaka wako wa kuzaliwa, nawe uamini kweli ni mtu wa mtandao. Ila laini hapati.

Laini anaipata kwa kidole, na kidole ndicho watu wanachokigawa kama njugu. Umekaa chini ya mwamvuli wa wakala, umeweka kidole. "Mashine imekataa, weka tena." Unaweka. "Mtandao unasumbua leo, lete kingine." Unaleta, macho yako yako WhatsApp. Kumbe kile cha kwanza kilishakubali kitambo. Hiki cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, na habari zake utazipata siku unapoulizwa kuhusu ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Pagumu ni hapa, na kwenye semina hapasemwi: mashine hukataa kweli. Fundi ujenzi, mkulima, mama anayefua nguo za watu, mzee wa miaka themanini, alama zao zimesagika. Wakala mwaminifu atawaambia wanawe mikono, wajaribu tena, wabadilishe kidole. Ukimtazama, hana tofauti na mwizi. Hata mimi nikisimama pembeni yao siwezi kuapa yupi ni yupi. Ninachofanya ni kudai kuiona skrini kabla ya kila kidole: namba ya simu inayosajiliwa iwe ile ile. Akiificha, nanyanyuka. Halafu piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika waifute. Usimrudie wakala yule yule, jamani.

Mengine haraka haraka. Hakuna usajili unaofanyika kwa kupigiwa simu. Anayekuambia "laini yako inafungwa leo, nitajie namba ya siri" mkatie. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Na hili la "nimsajilie shemeji, kitambulisho chake hakijatoka". Mfumo haumjui shemeji. Laini ni yako, akaunti ya pesa iliyomo ni yako, na deni la mkopo wa simu atakaloliacha linasoma jina lako, hata kama namba ya siri huijui. Nawajua waliowasajilia ndugu namna hii Januari 2020, tarehe ya mwisho ya kusajili laini kwa alama za vidole ilipowabana, na laini hizo mpaka leo ziko hewani. Kama shemeji ameshapata namba yake ya NIDA, nendeni dukani pamoja mkabadilishe umiliki. Asikutume wewe, kidole kinachotakiwa ni chake.