Viumbe wa seli moja kwenye mpaka wa maji matamu na maji ya chumvi

Wakaazi wa pwani ya mashariki ya Unguja wanajua kwamba kisima kikitekwa sana maji yake hugeuka ya chumvi. Maji ya mvua yanayopenya kwenye mawe ya matumbawe ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo hukaa juu yake bila ya kuchanganyika upesi. Tabaka kama hizo zikitokea katika ziwa, huwa makaazi ya viumbe wadogo wanaoitwa flajelati, yaani viumbe wa seli moja wanaoogelea kwa mijeledi, vinyuzi vyembamba vinavyochapa maji.

Mfano uliochunguzwa vyema uko kwenye mwambao wa Bahari Nyeupe, kaskazini ya Urusi. Ardhi ya huko ingali inainuka kwa milimita chache kila mwaka tangu kuondokewa na mzigo wa barafu ya kale, na vighuba vyake hutengana na bahari polepole hadi vikawa maziwa. Maji matamu hubaki juu. Ya chumvi, ambayo pengine huongezwa na bamvua, hutuama chini, ambako oksijeni humalizika na bakteria hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza.

Katika ziwa Kislo-Sladkoe, mtaalamu anayevuta maji kwa mpira, kina baada ya kina, huona maji maangavu, kisha ghafla mekundu, na chini yake harufu ile ya yai viza. Wekundu huo ni wa flajelati aitwaye Rhodomonas, ambaye urefu wake ni kama sehemu ya mia ya milimita. Rangi yake hunasa mwanga wa kijani unaofika kina kile, na virutubisho humjia kutoka chini. Mijeledi yake miwili ndiyo inayomweka hapo penye manufaa, kwani akipanda hukosa virutubisho na akishuka hukuta sumu.

Anayeteka ndoo moja juu ya maji hatamwona kabisa, na kwa maoni yetu hilo lina uzito hata hapa Zanzibar. Tunawaomba wanaochukua sampuli katika mapango yenye maji ya chumvichumvi wateke kwenye vina tofauti bila ya kuyatibua, waandike kina kwenye kila chupa, na waikinge na jua mpaka ifike maabara. Chupa ya kuhesabia viumbe itiwe matone machache ya ayodini papo hapo, kwa sababu flajelati wengi ni laini na hupasuka mapema.